Kufuga nyuki wasio na mzinga: ninavyofanya mimi hapa Uyole, Mbeya

Kila anayeingia kwangu akaona kile kiboksi cha vimianzi pembeni ya jiko swali lake ni lile lile, asali unavuna lini. Sivuni. Hamna asali pale, hamna nta, hamna malkia wala kundi, na kama shida yako ni asali ya kuuza basi ishia hapa ukatafute mizinga. Hawa ni nyuki wapweke, yaani kila jike anajitegemea, anatafuta tundu lake, analijaza chakula, anataga, anaziba mlango, anaondoka, watoto wake hawaoni maisha yake yote. Duniani kuna aina kama 20,000 za nyuki na wengi wao wanaishi hivi, wale wa mzinga ni aina chache sana ila ndo wamechukua jina lote.

Mimi niliingia huku kwa kosa langu mwenyewe. Nina pesheni ya zambarau kwenye uzio, miaka miwili ya kwanza ilizaa mpaka tunagawia majirani. Sasa kwenye boriti za banda la kuku kulikuwa na yale manyuki meusi makubwa, yale yanayotoboa mbao yanaunguruma kama pikipiki mbovu, nikaona yataniangushia banda, nikachukua simenti nikaziba matundu yote na yaliyobaki nikapulizia dawa. Msimu uliofuata maua ya pesheni yakatoka mengi kweli, afu yanadondoka tu. Nikaweka mbolea, nikamwagilia, wapi. Mzee mmoja jirani ambaye amelima matunda miaka mingi ndo akaniuliza, "Baba Neema, ule muungurumo wa asubuhi hapa kwako umeenda wapi?" Nikabaki namwangalia.

Ua la pesheni lina umbo la ajabu kidogo, unga wa ua (chavua) uko chini na sehemu ya kuupokelea iko juu, kwa hiyo anatakiwa mdudu mnene ambaye akiwa ananyonya mgongo wake unafika kule juu. Nyuki wa asali ni mdogo, mara nyingi anachukua unga anaondoka bila kugusa panapotakiwa. Afu ua la zambarau linafunguka alfajiri na mchana linajifunga, ukikosa mgeni asubuhi ile ndo basi. Kwa hiyo nilikuwa nimeua vibarua wangu. Tangu hapo nikaanza kujifunza namna ya kuwarudisha, na nilivyojifunza ndo hivi nawawekea hapa, hatua kwa hatua, pamoja na makosa.

HATUA YA KWANZA: KAA CHINI UANGALIE ULIO NAO

Usiruke hii. Hununui nyuki, huendi porini kukamata, huwatoi sehemu. Wenzetu Ulaya na Marekani wanauziana vifuko vya watoto wa nyuki kwa posta na wanavihifadhi kwenye friji kipindi cha baridi, sisi hatuhitaji hayo, nyuki wapo tayari, kazi yako ni nyumba tu. Kwa hiyo siku yenye jua, kuanzia saa tatu na nusu hivi asubuhi (kabla ya hapo kwa baridi ya huku hawajaamka), chukua kikombe chako cha chai ukae karibu na maua nusu saa.

Utakaowaona hawazidi makundi manne matano. Kuna hao weusi wakubwa, jike wao ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano mgongoni na dume lake ni la njano-kijani lote lina manyoya, watu wanadhani ni aina mbili tofauti. Kuna wa saizi ya kati mwenye mistari inayong'aa kama bluu tumboni, huyu ana haraka, anasimama hewani kidogo afu anaruka, akishika ua la nyanya unasikia sauti inabadilika inakuwa nyembamba, pale anatikisa ua zima kwa misuli ya mabawa ili unga umwagike, maana unga wa nyanya uko ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo kwa juu kama kopo la chumvi. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Nyanya inajichavusha yenyewe kwa upepo ndio, ila ikitikiswa inashika vizuri zaidi, shemeji yangu analima nyanya Ilula nilipomwonesha hilo alikaa amechuchumaa kwenye tuta dakika ishirini kama mtoto.

Kuna vidogo dogo vyeusi kama sisimizi wenye mabawa, watu wanavipita tu. Na kuna mkata majani, huyu ndo ninayempenda kuliko wote. Kama una waridi ukaona majani yamekatwa pembeni vipande vya mviringo safi kama vimekatwa kwa mkasi, usikimbilie dawa, huyo sio mdudu anayekula. Anatua ukingoni mwa jani, analishika kwa miguu, anakata huku anajizungusha, sekunde chache tu kipande kinaachia naye anadondoka nacho kidogo afu anapaa amekikunjia tumboni kama mtu aliyebeba mkeka. Vipande virefu vya kuzungushia ukuta wa chumba, vya duara kabisa vya kufunikia mlango. Unga wa maua haubebi miguuni kama wa mzinga, anaubeba chini ya tumbo, ukimwona tumbo la njano kwa chini basi ni wa ukoo huo.

Ukishawajua hao unajua utengeneze matundu ya saizi gani, ndo maana nasema usiruke.

HATUA YA PILI: MATUNDU

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo na ndo watu wengi wanapoharibu, nami nikiwemo. Kiboksi changu cha kwanza nilikiona kwenye picha, kizuri kimejazwa matunda ya paini, majani makavu, vipande vya matofali, nikakitengeneza hivyo hivyo na katikati nikachomeka mirija ya soda ya plastiki. Matunda ya paini hayakaliwi na nyuki yeyote, ni pambo. Mirija ya plastiki ilipata wapangaji wanne, nikafurahi, mvua za Januari zilipokolea plastiki ikatoa jasho kwa ndani, nilipofungua Aprili chakula chote kilikuwa kimeota ukungu wa kijivu na watoto wamekufa. Plastiki haipumui. Usitumie.

Tumia mianzi au matete makavu. Mimi mianzi natoa Njombe kwa wakwe, kule mianzi ya ulanzi (pombe ya mwanzi) ipo kila boma, ile minene iache iendelee kutoa ulanzi, wewe omba vijiti vyembamba na ncha za ile mikavu iliyokatwa kwa ajili ya uzio, ila angalia yenye tundu maana mingine katikati ni nyama tupu. Kama huna, matete ya mtoni yanafaa, hata mabingobingo yaliyokomaa yakakauka, yale yenye nyama laini katikati kuna vinyuki vidogo vinapenda kuichimba vyenyewe.

Kipimo chako ni peni ya kawaida ya Bic. Urefu wake ni kama sentimita 15 na unene wake kama milimita 8, yaani mwanzi ambao peni inaingia yote ikaishia ndani huo ni mzuri kabisa. Ila usifanye yote saizi moja, changanya: mengine yaingize msumari wa inchi sita tu (kama milimita 6), mengine membamba ya milimita 4, machache ya 10. Zaidi ya hapo ni buibui na mijusi ndo watahamia.

Urefu usiudharau. Nyuki jike anachagua mwenyewe yai liwe la kike au la kiume, kule nyuma kabisa ndani anaweka ya kike, ya kiume anaweka karibu na mlango kwa sababu madume ndo hutoka kwanza. Sasa ukimpa tundu fupi la sentimita tano anajaza madume, mwaka unaofuata una mabwana wengi wanazurura na wake hamna. Kwa hiyo 15, isipungue 12.

Namna ya kukata: acha mwanzi ukauke kivulini wiki mbili tatu kwanza, mbichi utapasuka. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, panga hapana, panga linapasua. Kata nyuma kidogo ya fundo ili fundo lenyewe ndo liwe ukuta wa nyuma, maana tundu lililo wazi pande zote mbili nyuki hatagi, upepo unapita. Kama fundo halipo ziba nyuma kwa udongo wa mfinyanzi. Halafu mdomo wa mbele usugue na msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzi, vinyuzi vya mwanzi vinachana mabawa na nyuki akikuta vinyuzi anageuza anaondoka. Ndani safisha kwa spoku ya baiskeli. Mimi naketi nayo jioni redio ikiwa imewashwa, vipande hamsini vinaisha kwa siku mbili.

Kuna wanaopenda gogo la mbao la kutoboa kwa drili. Linafaa, mabaki ya paini ya Mafinga yako kila kwa fundi seremala, mlingoti pia ila uwe umekauka sana. Angalia vitu viwili. Moja, isiwe mbao iliyotiwa dawa ya wadudu, ile yenye rangi ya kijani kijani, utakuwa unajenga nyumba ya sumu. Mbili, drili ya kawaida haifiki sentimita 15, itabidi fundi awe na biti ndefu, na usitoboe mpaka kutokea upande wa pili. Ubaya wa gogo ni kwamba huwezi kulisafisha, labda uviringishe karatasi ya daftari kwenye penseli, uichomeke ndani ya tundu kama bitana, ukunje nyuma, mwisho wa msimu unachomoa karatasi na kila kitu kilichomo. Inafanya kazi vizuri tu ila tundu ulitoboe kubwa kidogo kufidia karatasi.

HATUA YA TATU: KIBOKSI

Hii fupi. Chochote kigumu chenye ukuta wa nyuma na paa: sanduku la mbao, kipande cha bomba pana, hata ndoo ya rangi ya lita nne iliyolazwa ubavu. Panga vimianzi vikiwa vimebanana visicheze, midomo yote mbele, migongo yote nyuma, saizi zimechanganyika. Paa litokeze mbele kama sentimita 10, kipande cha bati kinatosha, kwa mvua za huku zinazopigwa na upepo kutoka pembeni bila hilo paa unajisumbua. Watu wa Tukuyu ongezeni zaidi, mvua yenu mnaijua wenyewe. Usipake vanishi wala rangi ndani.

Afu usifanye kubwa. Vipande 30 hadi 50 kwa kiboksi, ukitaka zaidi tengeneza kingine uweke upande mwingine wa bustani. Ukiwarundika mia tatu sehemu moja, magonjwa na vimelea wanapata soko, nyumba moja ikiugua mtaa mzima unaugua.

HATUA YA NNE: PA KUWEKA

Mashariki. Kiboksi kiangalie jua la asubuhi, hasa sisi wa Uyole, Makete, Njombe, Mafinga ambako Juni asubuhi hata wewe hutaki kutoka kitandani. Mdudu huyu hana wenzake wa kumpa joto kama mzingani, anasubiri jua limguse ndo aruke. Jua la mchana kali likipata kivuli kidogo sio mbaya.

Kimo ni kifua chako, kati ya mita moja na mbili. Kifunge kwa nguvu ukutani au kwenye nguzo, kisiyumbe. Changu cha kwanza nilikining'iniza kwenye mparachichi kwa kamba, ule upepo wa Agosti ukawa unakizungusha kama pia, nyuki anaondoka mlango unaangalia jiko anarudi unaangalia choo, nani atakaa hapo. Anakariri mahali, ukimwangalia siku ya kwanza anapotoka anaruka akiwa amegeukia nyumba yake, anapiga nusu duara kulia kushoto anasoma alama. Kwa hiyo wakishaanza kuingia usikisogeze hata nusu mita hadi msimu uishe.

Kuhusu majirani. Mama mmoja hapa alikuja amekunja uso, "Kaka, wale wa juzi waliua mbuzi kule bondeni, na wewe unawafuga mlangoni na watoto wote hawa?" Ni swali la haki, nyuki wetu wa asali ni wakali na watu wameumia. Ila ukali ule ni wa kulinda mzinga, asali na watoto maelfu. Mpweke hana cha kulinda kwa kundi, dume halina mwiba kabisa, jike anao lakini mpaka umbane mkononi au umkanyage ndo anachoma. Nilimwita yule mama nikaweka uso wangu sentimita ishirini kutoka kwenye matundu nao wanaingia wanatoka. Hakusogea karibu siku ile, siku hizi ananiletea vimianzi.

Adui mkubwa wa hapa ni sisimizi. Wanapanda usiku, wanabeba chakula na mayai, asubuhi unakuta tundu tupu. Kama ni nguzo paka grisi mkanda wa upana wa kiganja, uifute na kupaka upya kila wiki mbili tatu kwa sababu vumbi likishaikaa inakuwa barabara ya lami. Kata pia majani yanayogusa kiboksi, jani moja tu la ndizi likigusa ni daraja. Ndege wakigundua wanachomoa vimianzi, weka waya wa kuku kwa mbele ukiacha nafasi ya inchi mbili tatu.

HATUA YA TANO: CHAKULA NA UDONGO

Hawa hawaendi mbali, wengi mita mia mbili tatu basi, kwa hiyo kama bustani yako ni nyasi na simenti hawatakaa. Panda vitu vya kupokezana maua. Kwangu: marejea (haya maua ya njano ya kunde kunde wanayapenda kupita maelezo, mkata majani na wale weusi wakubwa wote), mbaazi, alizeti, giligilani niliyoiacha ichanue, mrehani, na kishonanguo cha pembeni mwa uzio sikifyeki chote. Waridi kwa ajili ya majani yake. Usipande tu maua yale makubwa ya kupendeza yaliyojaa petali, mengi hayana unga wala utamu wa kumsaidia mdudu.

Na weka beseni la udongo wa mfinyanzi unaobaki na unyevu kiangazi, kuanzia Septemba hivi, kuna wanaojengea kuta kwa udongo na kiangazi chetu kila kitu kimekauka kama mfupa. Mimi naweka chini ya bomba linalovuja, sababu ya kutolitengeneza nimeipata.

HATUA YA SITA: SUBIRI, NA USOME MILANGO

Weka kiboksi Agosti mwishoni au Septemba, baridi ikianza kuachia na miti ikianza kuchanua, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Unaweza kukaa mwezi mzima bila mgeni. Usihame nacho. Changu cha pili kilikaa wiki sita, wa kwanza kuingia alikuwa buibui.

Wakianza, utajua nani amepanga kwa kuangalia alivyoziba. Majani yamebanana kama ncha ya sigara, ni mkata majani. Udongo uliolainishwa, ni nyuki mwashi au nyigu mpweke. Utomvu mweusi unaong'aa kama lami, kuna nyuki wanaokusanya utomvu wa miti. Vinyasi vimetokeza nje kama ndevu, huyo ni nyigu. Na nyigu hawa wapweke usiwafukuze, nao hawashambulii watu kama wale wa viota vya karatasi, tena wengi wanajaza vyumba vyao viwavi waliokamatwa bustanini kwako, kwa hiyo ni askari wa bure wa kabichi.

Ndani kila chumba kina donge la unga uliokandwa na utamu wa maua na juu yake yai moja, basi. Jike anaishi wiki chache na katika maisha yake anataga mayai ishirini thelathini hivi, sio kama malkia wa mzinga anayetaga zaidi ya elfu kwa siku, ndo maana tundu moja lililojaa ni jambo kubwa na ndo maana ukimuua mmoja umeua wengi.

Utaona pia mmoja mwenye tumbo lililochongoka kama penseli, anazunguka zunguka mlangoni bila kubeba chochote. Huyo ni mwizi, anasubiri mwenye nyumba atoke aingie atage lake, mtoto wake akiangua anakula chakula cha mwenzie. Wachache ni kawaida, wapo kila mahali wanapokuwepo wakata majani. Nilikuwa nawapiga na kandambili, siku hizi nimeacha, nikikuta wamezidi napunguza kiboksi nakigawa viwili.

HATUA YA SABA: WASIOKAA KWENYE VIMIANZI

Karibu asilimia 70 ya aina za nyuki zinachimba chini, hata uwe na kiboksi cha dhahabu hawaji. Hao wanataka ardhi wazi yenye jua, iliyoshindiliwa kidogo, isiyofunikwa majani wala pevingi. Na hapa bibi zetu wametushinda, ule uwanja unaofagiliwa kila asubuhi mpaka unang'aa ndo makazi yao, ukiona vitundu vya saizi ya penseli vyenye kirundo kidogo cha udongo pembeni kwenye uwanja wa bibi, ni hao. Niliacha mita moja kwa mbili nyuma ya choo upande wa jua, siimwagilii, silimi. Wale wenye mistari ya bluu wanachimba kwenye kuta za udongo pia, nyumba ya zamani ya tope usiibomoe yote. Jioni ukipita taratibu kwenye majani makavu unaweza kukuta madume yao yamelala, yameng'ata kijiti kwa meno miguu inaning'inia, kadhaa kwenye kijiti kimoja kama nguo kwenye kamba.

Wale weusi wakubwa wape gogo. Chukua mti laini mkavu, au ule mlingoti wa ua la mkonge uliokufa, wanaupenda sana, unene wa mguu, urefu mita moja, ufunge chini ya paa la banda mahali pasiponyesha. Boriti zako za kweli zipake rangi ya mafuta, hawapendi mbao iliyopakwa. Mimi nilitoboa kitundu cha kuanzia kama sentimita moja na nusu, kina kidogo tu, nikawaachia wamalize. Walichukua miezi saba kurudi. Siku nilipokuta unga mweupe wa mbao chini ya lile gogo nilimwita mke wangu aje aone, akaangalia, akasema haya, akarudi jikoni.

HATUA YA NANE: DAWA

Huwezi kufuga huku unapulizia ovyo. Najua viazi vya huku bila dawa ya ukungu mvua ikikolea hupati kitu, sisemi uache, nasema hivi: pulizia jioni jua likizama, usipulizie kilichochanua, na siku ya upepo acha. Dawa za wadudu za aina ya imidacloprid ziogope zaidi kwa sababu zinapanda ndani ya mmea zinatokea kwenye unga na utamu wa maua, yaani hata ukipulizia jioni kesho nyuki anainywa. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku hiyo na wenzake wawili kutumika mashambani nje ya nyumba za vioo. Soma kibandiko cha chupa kabla hujalipa, jina la kiambato limeandikwa kwa maandishi madogo chini ya jina kubwa la biashara. Na ongea na jirani, mwambie anapotaka kupulizia akuambie, maana nyuki hajui mpaka wa kiwanja.

HATUA YA TISA: KUBADILISHA

Watu wanaweka kiboksi wanakisahau miaka mitano, kinageuka kaburi. Vimianzi vilivyotumika vina utitiri, ukungu na mabaki, mwaka wa pili watoto wanaumwa. Mimi nabadilisha kila mwaka, mwishoni mwa Agosti.

Tatizo ni kwamba bado kuna waliolala ndani. Huku kwetu sio kama Ulaya ambako wote wanalala pamoja wanaamka pamoja, wengine wanatoka baada ya mwezi au miwili, wengine wanalala hadi msimu unaofuata. Kwa hiyo usitupe wala usipasue kuangalia. Chukua boksi la karatasi lililo gumu, liwe halina mwanga kabisa, ziba nyufa kwa gundi ya karatasi, tia ndani vimianzi vilivyozibwa vikiwa vimelala kama vilivyokuwa (usivisimamishe wala kuvibamiza, yai linaweza kung'oka kwenye donge lake), afu toboa tundu moja tu la nje la sentimita moja. Liweke chini ya paa lile lile, juu au pembeni ya kiboksi chenye vimianzi vipya. Wakiamka wanafuata mwanga, wanatoka kwenye lile tundu, na kwa kuwa hawawezi kuuona mlango wao wa zamani wanahamia vipya.

Kagua kwa jicho kila baada ya wiki chache: kizibo kikiwa na tundu moja kubwa, katoka mwenyewe. Kikiwa na vitobo vidogo vidogo kama vya sindano, wametoka vijinyigu vimelea, hicho kitoe. Kikiwa kizima hadi Machi unaweza kukipasua taratibu ukaangalia, mara nyingi kishakufa. Vilivyobaki vitupu tia jikoni, mwanzi mkavu unawasha moto kuliko karatasi.